Beki Tatu Kahama

Nyumbani kwangu, kwenye kabati la vyombo, nyuma ya zile sahani zinazosubiri wageni wasiokuja, kuna kaunta buku ya kwaya mbili ambayo mke wangu ameshatishia mara tatu kuiwashia mkaa. Humo nimeandika utabiri wangu wa usajili wa Simba tangu mwaka 2018. Ukurasa wa kushoto naandika nani anakuja na nani anapewa thenkyu. Ukurasa wa kulia naandika kilichotokea. Mtu akiifungua bila kuambiwa kitu atadhani kushoto inazungumziwa timu moja na kulia timu nyingine, tena ya nchi jirani.

Sijivuni, lakini kukosea kwa miaka yote hiyo nako kunataka bidii. Hata mtoto anayetema mate kiganjani na kuyapiga kidole ili ajue mbuzi kaelekea wapi, huwa anapatia mara moja moja. Mimi nasoma magazeti, nasikiliza vipindi vya michezo asubuhi na usiku, nanunua bando ambalo lingetosha nusu kilo ya sukari, na mbuzi wangu simwoni.

Nikueleze kwanza ninapofanyia kazi hii isiyo na mshahara. Ukitokea Mwanza mjini unapita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, halafu konda anaanza kugonga bodi na kupiga kelele "Buhongwa mwisho!" kana kwamba kakusaidia kitu. Shuka. Kando ya barabara ya Shinyanga utaona benchi moja, muuza kahawa na birika lake, drafti ya vifuniko vya soda, na wanaume sita wanaobishana kuhusu fedha ambazo hawajawahi kuziona. Kinyozi ni Yanga. Fundi pikipiki ni Yanga. Mmoja ni mzee aliyestaafu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na yeye timu yake ni Pamba tu, akiitaja anaiita TP Lindanda kwa sauti ya mtu anayemtaja mke wa ujanani. Pamba ilishuka daraja mwaka 2001, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa Pamba Jiji, na mzee alikaa miaka yote ile katikati bila timu ya kushangilia na bila kuhama. Tulipomuuliza kwa nini hakuhamia hata Toto African alituangalia kama tumemwambia auze ng'ombe wa mahari.

Waliobaki ni mimi na wenzangu wawili wa Msimbazi, yaani Simba. Wale wawili ni wapenzi wa kawaida, wanaumia timu ikifungwa na kwenda kulala. Mimi ndiye mtabiri.

Sasa, dirisha la usajili likifunguliwa katikati ya mwaka, Buhongwa nzima inapata mtu wa ndani. Bodaboda ana mtu wa ndani. Muuza miwa ana mtu wa ndani. Juzi juzi mama ntilie aliniambia, huku ananipimia maharage, kwamba kuna winga wa Ivory Coast ameshatua Dar usiku na kafichwa hotelini. Nikamuuliza kajuaje. Akasema kaambiwa na mteja. Mteja ni nani? Fundi pikipiki. Fundi kaambiwa na nani? Na mimi, wiki iliyopita. Tetesi yangu mwenyewe ilizunguka Buhongwa, ikapata chumvi na mafuta, ikanirudia kwenye sahani pamoja na maharage, na nikaiamini tena. Nikaiandika kwenye kaunta buku kwa mara ya pili, safari hii kwa wino mwekundu.

Halafu kuna wachambuzi wa redioni. Hawa nina kesi nao. "Kila kitu kimekamilika kwa asilimia tisini na tisa, bado kusaini tu." Bado kusaini tu! Ni sawa na kusema harusi imekamilika, ukumbi upo, pilau lipo, bado bibi harusi kukubali tu. Ile asilimia moja iliyobaki imewahi kupitisha wachezaji wangapi! Na mchambuzi akikosea hakuna anayemdai. Kesho yake yuko hewani, koo limelainishwa, anatuambia alishasema tangu mwanzo kwamba dili lile lilikuwa na utata. Mimi nikikosea napelekewa bili.

Mtu aseme tatizo ni kichwa changu. Haya, nipe wewe kichwa chako ukatabiri. Mwaka 2020 Bernard Morrison alikuwa Yanga tangu Januari. Agosti Simba wakamtambulisha. Yanga wakasema ana mkataba, mwenyewe akasema hana, kesi ikatoka TFF ikapanda ndege hadi Uswisi kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, Yanga wakashindwa. Umetulia? Mwaka 2022 Morrison akarudi Yanga kwa miguu yake. Au mchukue Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 akaaga Yanga, Yanga wakasema haendi mahali, akaweka Shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu kuununua uhuru wake, zikakataliwa, mgogoro ukaendelea hadi Juni 2023, siku Yanga walipoalikwa Ikulu baada ya kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe akawaomba viongozi wa klabu walimalize jambo la kijana yule. Likaisha, akaenda Azam. Sasa mimi, mtu wa kahawa ya shilingi mia mbili, nitatabirije usajili unaoamuliwa Uswisi na Ikulu? Nina nini mimi huko?

Tangu aende Azam, kila dirisha likifunguliwa namwandika Feisal kwamba anakuja Simba. Kubwa na dogo. Nimeshazoea, hata kalamu yenyewe ikifika kwenye "F" inaandika bila kushikwa.

Lakini jeraha lenyewe ni la Chama. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, alifika Simba mwaka 2018, mwaka ule ule nilioanza kaunta buku, kwa hiyo nilimhesabu kama mtoto wangu wa kwanza wa utabiri ingawa sikuwa nimemtabiri. Mwaka 2021 akaenda RS Berkane ya Morocco, Januari 2022 akarudi. Mtu akiondoka akarudi, mimi najua maana yake: kaonja nje, kaona baridi, kafahamu nyumbani ni wapi. Kwa hiyo mwezi Juni 2024, mkataba wake ulipokuwa unaisha na Yanga, watu wa Jangwani, wakawa wanamnyatia, nilimwambia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Yanga wa kutupwa, kwamba Chama hawezi. Tukawekeana sato wawili, wakubwa, wa Mwaloni, sio wale wa kupimwa na kiganja.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Bila kuinua uso akasema, "Ataenda."

"Wewe unajua nini kuhusu Chama?"

"Sijui kitu. Ila mtu ambaye ameshaondoka mara moja, njia anaijua."

Tarehe 1 Julai Yanga wakamtambulisha. Shemeji hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, na sufuria.

Basi Jumapili moja baada ya msiba huo akaja mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe. Huyu kijana huja kila Jumapili kutusalimia, na salamu zake huanza saa sita na nusu mchana, chakula kikiwa mezani. Akaikuta kaunta buku, akaisoma, akacheka mpaka akapaliwa na dagaa. Alipopata pumzi akasema, "Mjomba, wewe ungezaliwa Marekani ungekuwa tajiri."

Nikamwambia aongeze ugali na aendelee.

Akasema kule wana mpira wanaouita futiboli, ingawa muda mwingi wanaushika kwa mikono. Ligi yao ni NFL, timu 32. Kila mwaka mwezi wa nne wachezaji wanaomaliza vyuoni wanapangwa mahali pamoja, na timu zinachagua kwa zamu, raundi saba, siku tatu. Iliyoshika mkia msimu uliopita inachagua kwanza. Bingwa anachagua mwisho.

"Na miezi kabla ya hapo," akasema, "kuna watu kazi yao ni kutabiri tu timu gani itamchukua nani. Wanaandika orodha nzima. Wakimaliza wanaandika nyingine."

"Wakikosea?"

"Wanaandika nyingine."

"Wanalipwa?"

"Wanalipwa, mjomba."

Jikoni sauti ya mwiko ikakoma. "Wanalipwa na nani?" akauliza mke wangu. Alikuwa na hamu ya kweli.

Kesho yake nikaipeleka habari kijiweni. Nikasema Marekani wachezaji wanachaguliwa kwa drafti. Mzee wa Pamba, aliyekuwa ameshika kifuniko cha Fanta hewani akitafuta pa kukitua, akakiweka chini taratibu. "Kwa hiyo anayekula kete nyingi ndiye anachukua mchezaji?" Nikamwelewesha kwamba ni jina tu. Hakuridhika. Akasema kama wangechezea drafti yenyewe, yeye angeshaisajilia Pamba nusu ya Ulaya, maana pale Buhongwa hakuna aliyewahi kumfunga king'i mbili.

Mpwa alikuwa amenijaza mifano, nikaimwaga yote. Drafti yao ya kwanza ilifanyika mwaka 1936, mwaka ule ule ilipozaliwa Simba. (Kinyozi akadakia kwamba Yanga ni 1935. Huwa anadakia hapo hata kwenye misiba.) Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, akachaguliwa na Philadelphia Eagles. Unajua alicheza mechi ngapi kwenye ligi yao? Hata moja. Hawakuelewana kwenye dau, akaenda zake kufanya mambo mengine ya maisha. Yaani wa kwanza wao wa kwanza walimkosa! Nikajisikia vizuri sana. Na mwaka 2000 timu zote zilimpita Tom Brady mpaka nafasi ya 199, huyo huyo aliyekuja kutwaa ubingwa wa Super Bowl mara saba. Na watu wale wanapima kila kitu, wanapima mbio kwa saa, wanapima kuruka, wanapima mpaka urefu wa kiganja. Sisi hapa mchezaji hata mwaka wake wa kuzaliwa tunaupokea kwa heshima tu.

Hapo fundi pikipiki akasema mbona hata sisi tulishapeleka mtu huko. Alikuwa na haki. Tarehe 25 Juni 2009, New York, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Connecticut, aliitwa wa pili kwenye drafti ya mpira wa kikapu ya NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Wa pili dunia nzima! Mtanzania wa kwanza kufika kule. Nakumbuka jinsi tulivyotembea kwa mabega siku ile, mimi nina mita moja na sentimita sitini na tatu nikajiona nimeongezeka. Sasa mpwa wangu, asiye na adabu, akaniambia kwamba aliyechukuliwa wa tatu ni James Harden na wa saba ni Stephen Curry, na kwamba Wamarekani mpaka leo wakihesabu makosa ya drafti wanaanzia Memphis.

Mimi sikubali. Mtu ana mita mbili na sentimita ishirini na moja, goli lenyewe limetundikwa juu, wewe ungemwacha umchukue nani? Nilimwambia mpwa kwamba ningekuwa mimi Memphis, ningemchukua tena, na Curry ningemwacha aende salama. Mke wangu akasema ndiyo maana Memphis hawajanipigia.

Kuna Mkenya pia, Philip Mayaka, kwenye mpira huu wetu wa miguu. Alitokea Chuo Kikuu cha Clemson, na mwaka 2021 Colorado Rapids wakamchagua wa tatu kwenye drafti ya ligi yao, MLS. Hii ilituuma kidogo, maana Mwanza nayo ilikaribia. Mrisho Ngassa, mzaliwa wa hapa hapa jijini, mtoto wa Khalfan Ngassa wa Pamba, alikwenda kufanya majaribio Seattle Sounders mwaka 2011 wakamwingiza uwanjani dhidi ya Manchester United. Mechi iliisha saba bila, na saba hazikuwa za Seattle, lakini hilo hatulisemi sana. Akarudi. Akatoka Azam kwa mkopo kwenda Simba, mwaka 2013 akaenda Yanga, ikaonekana kasaini na Simba pia, TFF ikamfungia mechi sita na kumwambia arudishe pesa za watu. Angepita kwenye drafti, nilisema, yasingemkuta hayo. Unaitwa jina, unapewa kofia, unakwenda ulikoitwa. Basi.

Kijiwe kikaamua kwamba Tanzania iwe na drafti. Tulikubaliana kwa dakika kama nne. Kisha kinyozi akauliza nani atachagua mwisho.

Ligi Kuu ina timu 16. Ukifuata utaratibu wa Wamarekani, Simba na Yanga wanakaa kwenye viti mpaka timu kumi na nne zimeshachagua. Mimi nilijaribu kuiona picha hiyo: viongozi wa Msimbazi na wa Jangwani wamekaa ukumbini na suti zao, mikono mapajani, wanamwangalia mjumbe wa Pamba Jiji akivaa miwani taratibu asome jina la namba tisa bora nchini. Nikaiona kwa sekunde mbili tu, ikakatika. Kinyozi akasema Yanga ikikaa namba 16 nchi haitalala. Nikamuunga mkono, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nimemuunga mkono kinyozi.

Mzee wa Pamba akakasirika. Akasema sisi wote ni wanafiki, drafti ilikuwepo siku zote ila Dar ndiyo ilikuwa inachagua wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Akaanza kuwahesabu kwa vidole. Simba ile iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, George Masatu alitoka wapi? Pamba. Hussein Marsha alitoka wapi? Pamba. Akaendelea mpaka akaishiwa vidole akaanza kutumia vya muuza kahawa. "Tumelima sisi, wamevuna wao, na pamba hawajui hata inachipuaje." Tukanyamaza. Mzee akianza habari za pamba huwa hazijulikani zinaishia kwenye mpira au kwenye bei ya kilo.

Tatizo la pili ni vyuo. Wamarekani wanachagua kutoka vyuoni, sisi tutachagua kutoka chuo gani? Mpwa akadai kwao Malimbe kuna winga mmoja hatari. Nikamuuliza winga huyo anasoma nini. Uandishi wa habari. Unaona? Kwetu mwenye kipaji anaonekana UMITASHUMTA akiwa darasa la sita, akifika UMISSETA ameshachukuliwa, au anaibukia kwenye ndondo, viatu vya kuazima. Anayevuka yote hayo akafika chuo kikuu ameshaonekana hana mguu. Anasomea redio. Vyuo vyetu havitoi mawinga, vinatoa wachambuzi wa mawinga, na nilishasema nina kesi nao.

Hoja ikafia hapo. Mzee akarudi kwenye drafti yake, akamla fundi kete tatu kwa mpigo.

Sasa tuje mwaka 2025, nilipopata adhabu niliyonayo kichwani, nasema kichwani kwa maana ya kichwani.

Ukurasa wa kushoto wa dirisha lile nilikuwa nimeandika vitu vingi, lakini kimoja nilikipigia mistari miwili. "Mohamed Hussein haendi popote." Zimbwe Junior, wengine mnamwita Tshabalala. Beki wa kushoto, beki tatu kwa lugha ya mpira, nahodha. Alitoka Kagera Sugar, ng'ambo ya ziwa hapo, akaingia Simba mwaka 2014. Miaka kumi na moja! Kuna ndoa hapa Buhongwa zimefungwa, zimezaa, zimevunjika na zimerudiana ndani ya miaka kumi na moja ya Tshabalala Simba. Kinyozi aliposema kuna fununu anakwenda Yanga, sikumjibu, nilimcheka. Akasema tuwekeane. Nikamwambia sato sitaki tena. Akasema hata yeye hataki sato. Nikikosea, nitakaa kwenye kiti chake na atanichonga nyuma ya kichwa herufi moja atakayoitaka. Yeye akikosea, ananinyoa bure mwaka mzima. Nikampa mkono mbele ya mashahidi wanne na birika.

Siku ya tatu niko kijiweni, nimeshika hoja katikati, naeleza maana ya uaminifu kwenye soka, simu ikaita. Mke wangu.

"Baba watoto, beki tatu kahama."

Damu ikanishuka miguuni. Mke wangu hafuatilii mpira, akikupa habari ya mpira ujue imeshafika kila mahali. Nikasimama pembeni ya barabara nikaziba sikio moja. "Nani kakwambia? Chanzo ni kipi?"

"Chanzo nimesimama hapa jikoni. Vyombo vya jana havijaoshwa."

Hapo nikaelewa kwamba anamzungumzia dada wa kazi. Mnajua tena lugha za mtaani, dada wa kazi kwetu tunamwita beki tatu, na mke wangu alikuwa ameliokota neno hilo kwangu. Nikashusha pumzi. Nikamuuliza dada kaenda wapi.

"Nimekwambia kahama!"

"Kahama kafuata nini? Si ana ndugu zake Magu?"

"Hajaenda Kahama! Kahama! Kaondoka! Yuko hapo kwa jirani, namwona anaanika nguo zao."

Hata trafiki aliyekuwa anasimamisha magari pale barabarani aligeuka. Kijiwe kizima kilikuwa kimenyamaza kinasikiliza. Fundi pikipiki akauliza kwa upole, "Usajili huru?"

Ulikuwa huru kabisa. Nilifika nyumbani nikakuta taarifa kamili. Jirani kampa ongezeko la elfu ishirini, Jumapili mapumziko, na kitanda cha peke yake. Mazungumzo yalikuwa yanaendelea kwa wiki tatu kwenye seng'enge, mimi nikiwa nimekaa mita kumi kutoka hapo, redio sikioni, nasikiliza nani kafichwa hoteli gani Dar. Na kuna kifungu ambacho ningependa kukiruka, ila mke wangu atakisoma hiki, kwa hiyo nakisema: binti alikuwa anatudai mishahara ya miezi miwili. Kwa FIFA, klabu ikifanya hivyo inaweza kufungiwa kusajili.

"Nilikwambia mwezi wa tano," mke wangu akasema. Kweli aliniambia. Aliniambia binti kaanza kufua nguo zake zote kwa mara moja, kaanza kuuliza tarehe, na akimwita haitiki "abee" ya zamani, anaitika "mh". Mimi nikamjibu kwamba hana pa kwenda. Nilimjibu hivyo huku namwandika Feisal.

Siku chache baadaye Yanga wakamtambulisha Mohamed Hussein, jezi ya kijani na njano, tabasamu. Mke wangu akatoa kaunta buku kabatini. Nilidhani siku ya mkaa imefika. Akafungua ukurasa mpya wa kushoto, akaandika mstari mmoja kwa penseli, akaifunga, na akaihamishia chumbani chini ya kanga zake. Mpaka leo sijui kaandika nini. Nimejaribu kuchungulia mara mbili. Kwenye mambo haya nina imani naye kuliko redio zote, na ndiyo maana siku hizi malipo yote ya nyumba hii yanapita kwake.

Kwa kinyozi nilikwenda Jumamosi, kwa sababu mwanaume akishatoa mkono ameutoa. Herufi aliyoichonga mnaijua. Aliichonga polepole, akaipiga wembe kingo, akanionyesha kwa vioo viwili kama mteja wa heshima, na Jumapili kanisani wale waliokaa benchi la nyuma yangu hawakusikia hata neno moja la mahubiri.

Kwa hiyo natangaza. Dirisha la nyumba yetu liko wazi na nafasi ya beki tatu haina mtu. Tunahitaji dada mwenye umri wa kuajiriwa, anayejua kupika sato na asiye na shida na kelele za redio. Mshahara unalipwa tarehe 30, unalipwa na mke wangu, Jumapili ni mapumziko, na kitanda kimeshanunuliwa, nimekibeba mwenyewe kwa guta kutoka Igoma. Waliokuwa wanadai wameshalipwa, muulizeni jirani. Anayemjua mtu aje Buhongwa mwisho, aulizie kwenye benchi la kahawa, atafute mwanaume aliyevaa kofia kwenye jua la saa saba.